Marehemu Anatia Kabichi Chumvi

TAK OK-SUN AFARIKI DUNIA.

Herufi nyeupe, kila moja kubwa kama mlango, zilikuwa zikipita taratibu kwenye skrini ya jengo lililo mkabala na ukumbi wa tuzo. Hapo ndipo tulipomwacha Bang Gyu-ri wiki iliyopita: macho yamemtoka, simu mkononi, na nyuma yake lori bado linashusha mashada ya maua aliyoyaagiza yeye mwenyewe.

"Nani kafa?" aliuliza muuza maua, shada begani.

"Hajafa mtu!"

"Dada, nimekuletea mashada ya msiba lori zima. Usiniambie hajafa mtu."

"Ni ya maandamano, bwana! Nilikwambia ni ya maandamano!"

"Ulichoniambia ni hiki: andika jina lake kubwa, lionekane toka ng'ambo ya barabara. Haya basi. Limeonekana."

Gyu-ri aligeuka kuyatazama mashada yake.

Sisi wa Seoul hatutupi mawe tena. Tuliyatupa enzi zile, tukala mabomu ya machozi, tukazeeka. Siku hizi mkubwa akitudhulumu tunampelekea maua ya msiba mlangoni, meupe, yenye tepe nyeusi, afike kazini akute keshazikwa. Ni tusi ambalo polisi hawajui walipige virungu wapi.

Lakini kila shada lina tepe mbili, na hapo ndipo Gyu-ri alipoteleza. Utepe wa kulia aliuandika BURIANI, na chini yake, kwa herufi ndogo, "haki ya waigizaji". Wa kushoto aliuandika TAK OK-SUN, na chini yake, kwa herufi ndogo, "toka kwa mashabiki wake". Ukisimama karibu unasoma hasira. Ukisimama ng'ambo ya barabara unasoma tanzia.

Na mwandishi mmoja wa mtandaoni alisimama ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Hakupiga simu. Alipiga picha, akaandika. Wenzake wakanakili, kosa la tahajia likiwemo, mpaka habari ikapanda kwenye skrini.

Hawahawa ndio waliotuambia moto wa Paju ulikuwa hitilafu ya umeme. Moto huo nitaufikia. Mimi sisahau, na leo nanyi hamtasahau.

Gyu-ri alipiga simu ya Tak Ok-sun. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Vivyo hivyo.

"Pokea, Mwalimu," alinong'ona, kwa jina la heshima tunalowaitia waigizaji wakongwe. "Pokea, niambie hujafa."

* * *

Maua yote haya yalianza na utabiri.

Gyu-ri anafundisha watoto kuogelea, na nywele zake hazijawahi kukauka. Lakini kila Novemba, kabla ya Tuzo za Korongo, ambazo mshindi hupewa sanamu ya ndege huyo, huketi jikoni kwake mbele ya kamera na kutabiri: filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora, mpaka anayeshona mavazi. Wapenda filamu wa nchi nzima humfuata, nusu yao kumsifu, nusu yao kumtukana. Hivyo ndivyo wapenda filamu tulivyo.

Tatizo ni kwamba kumtabiri Korongo ni kazi ya kipumbavu. Mwenyekiti wa tuzo hizo, Seok Chi-gyun, aliweka sheria yake: asiyefika ukumbini hapewi. Hata kama majaji wote wamempigia kura, kiti chake kikiwa kitupu anaitwa aliyekaa kiti cha pili. Mwenyekiti hapendi picha yenye pengo.

Kwa hiyo watabiri wajanja waliacha kutazama filamu. Wanatazama saluni. Siku ya tuzo wanazurura mtaa wa Cheongdam, kwenye saluni ambamo mastaa hutengenezwa nywele, wanachungulia nani kaketi chini ya kikaushio. Aliyeketi atafika, na anayefika ndiye atakayeshinda. Bingwa wao ni Do Pil-mo, kijana wa suti ya kung'aa na wadhamini wawili, ambaye mwaka wa tano huu hajakosea hata kipengele kimoja.

"Huo si utabiri," Gyu-ri alimwambia hadharani, "huo ni ukinyozi."

Mwaka huu, kwenye kipengele cha mwigizaji msaidizi wa kike, Do Pil-mo alimtaja Chae Yu-bin, kwa kuwa alimwona na vibano kichwani tangu adhuhuri. Gyu-ri alimtaja Tak Ok-sun. Bibi wa miaka sabini na moja, katika filamu ambamo anaigiza mfagiaji wa hoteli na hasemi zaidi ya sentensi chache, lakini ukitoka nje unawasha sigara upande wa kichungi. Majaji wenyewe walilia. Tunajua, kwa sababu mmoja wao akilewa hafungi mdomo.

"Ok-sun atashinda," Gyu-ri aliiambia kamera. "Na kama hayuko ukumbini, mpelekeeni nyumbani kwake. Mkimpa mwingine, tutawazika."

Ok-sun hatakuwa ukumbini, alishasema. Mwaliko wake aliuchana vipande akavirudisha kwa posta. Mkono wa Seok Chi-gyun hataushika, hata kama mkono huo umebeba nini.

Sasa basi, moto.

Enzi hizo Seok alikuwa mtayarishaji wa filamu ya vita kule Paju. Waigizaji wa umati, wale wanaovaa sare na kufa nyuma kabisa ya picha, walikuwa wakichoka kusubiri na kutoroka kurudi makwao. Dawa ya Seok ilikuwa rahisi: aliwafungia kwenye bohari la mavazi mpaka watakapoitwa. Jiko la mafuta likaanguka. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Waliteketea watu tisa wakiwa wamevaa sare za jeshi ambalo halikuwahi kuwepo.

Hitilafu ya umeme, magazeti yakaandika. Hitilafu gani ya umeme hufunga kufuli?

Wenye majina wote walinyamaza. Mmoja tu alikwenda mahakamani akasema, nililiona kufuli, na ufunguo nilimwona nao Seok Chi-gyun. Tak Ok-sun. Mahakama ikasema ushahidi hautoshi. Na studio zikasema, mama, tutakuita. Wakamwita baada ya miaka kumi na tisa, nywele zote nyeupe, aigize bibi anayeuza maandazi kituoni.

Ndiyo maana ya maua.

* * *

"Pisheni! Mpisheni Mwenyekiti!"

Milango ya ukumbi ilifunguka. Walinzi walitangulia, wapiga picha wakafuata wakirudi kinyumenyume, na katikati yao akatoka Seok Chi-gyun mwenyewe, suti nyeusi, utepe mweusi mpya kifuani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashada.

Gyu-ri alijibanza nyuma ya lori. Atasoma, aliwaza. Sasa hivi atasoma zile herufi ndogo, na utakuwa mwisho wetu.

Hakusoma. Watu wa aina ile hawasomi herufi ndogo, huwa wanaziandika tu.

Seok alipiga magoti kwenye lami. Akainama mpaka paji la uso likagusa chini, mara ya kwanza, mara ya pili, kama tunavyowainamia wafu wetu. Kamera zikawaka. Alikuwa anayasujudia matusi aliyotukanwa mwenyewe, mbele ya taifa zima, na hakujua!

Muuza maua alimtazama Gyu-ri, Gyu-ri akamtazama muuza maua. Katika siku nyingine wangecheka mpaka walie.

Seok alinyanyuka, akasogea kando ya lori kujipangusa magoti. Msaidizi wake akamsogelea. Walisimama hatua chache tu toka alipojibanza Gyu-ri.

"Mwenyekiti, tumpigie simu mtu wa familia? Tuhakikishe?"

"Hakikisha baadaye. Korongo wa msaidizi wa kike tunampa yeye."

"Lakini hayupo, Mwenyekiti. Sheria..."

"Wewe, una akili? Marehemu atahudhuriaje? Sheria ni ya walio hai." Alishusha sauti. "Nitampokelea mimi. Nitalia kidogo. Unajua maana yake? Kesho yule bibi na mimi tulikuwa marafiki. Lile jambo la Paju linaingia kaburini naye. Na haya maua yaingizwe jukwaani. Yote."

"Chae Yu-bin tulishamwambia atapata."

"Mwambie alie na yeye. Analia vizuri."

Wakarudi ndani.

Gyu-ri alibaki ameshika bodi ya lori. Hasira ilimpanda mpaka meno yakamuuma. Utabiri wake ulikuwa umetimia. Tak Ok-sun angepata Korongo. Sharti moja tu: awe amekufa, na tuzo ipokewe na mkono ulioshika ufunguo.

Akipiga kelele kwamba yu hai, watampa Chae Yu-bin. Akinyamaza, Seok anafua jina lake kwa maiti ya uongo.

Simu yake ikalia.

"Wewe mtoto, mbona unanipigia kama dunia inaungua?"

"Mwalimu! Uko hai!"

"Niko na kabichi. Ningepokeaje simu, mikono yote ina pilipili? Nimepiga kwa pua."

Alikuwa nyumbani kwake Mangwon, na ni Novemba: ndoo za kabichi zilizokolea chumvi mpaka mlangoni, na majirani zake watatu wamechuchumaa wanapaka rojo la pilipili jani kwa jani. Akina mama wa Seoul wakitengeneza kimchi, achari ya kabichi ya msimu wa baridi, hata vita ingesubiri.

"Mwalimu, washa televisheni."

"Imewaka. Tulikuwa tunatazama mapishi." Chaneli ikasikika ikibadilishwa. Kisha sauti za majirani zikapanda kwa pamoja, na moja ikasikika wazi: "Yoo, Ok-sun, mbona wamekuwekea picha mbaya hivyo?"

"Gyu-ri," sauti ya bibi ilisema polepole. "Nani kaniua?"

"Mimi, Mwalimu." Gyu-ri alimweleza yote bila kupumua: tepe, herufi ndogo, mwandishi, magoti ya Seok. "Nisamehe. Lakini sikiliza. Ukikaa kimya mpaka kipengele chako kipite, unaipata. Miaka yote hii, Mwalimu. Saa moja tu ya kuwa marehemu. Kesho tunasema ilikuwa makosa ya waandishi, na Korongo keshakuwa wako, hawawezi kumchukua."

"Nani atapokea?"

Gyu-ri alijifanya anamwita muuza maua.

"Nimekuuliza, nani atapokea?"

"Seok."

Kwenye simu ilisikika ndoo ikipigwa teke.

"Atasimama yule fisadi, ashike kitu chenye jina langu, aseme nini? Aseme nilikuwa rafiki yake? Nimeuza samaki wa kukaanga soko la Mangwon miaka kumi na tisa ili nisiwe rafiki yake!"

"Ukija ukiwa hai watampa mwingine!"

"Kwa nini? Sheria yao si asiyefika hapewi? Basi nafika."

"Mwalimu, uliuchana mwaliko..."

"Nyie! Nani ana namba ya teksi?"

Simu ikakatika.

* * *

"Na huyu hapa, watazamaji wangu! Huyu hapa mwenyewe!"

Gyu-ri aligeuka akakutana na kamera puani. Nyuma yake alikuwa Do Pil-mo, anarusha moja kwa moja, uso umepakwa poda kama bi harusi.

"Bi Bang Gyu-ri, watu elfu tisini wanakutazama. Ni kweli maua haya uliyaagiza wewe?"

"Ondoa hicho kidude."

"Muuza maua kanionyesha jina lako. Uliagiza jana. Jana! Habari ya kifo imetoka leo jioni. Wewe ulijuaje jana kwamba mtu atakufa leo? Huo nao ni utabiri?"

"Pil-mo, nyamaza, hujui unalosema."

"Mimi nasema hivi, watazamaji. Dada huyu alitabiri ushindi ambao hauwezekani. Akaona anaaibika. Akamuua mtu wake kwa uzushi ili apate pointi moja!" Alicheka. "Mimi naitwa kinyozi. Wewe tukuiteje? Mchimba kaburi?"

Gyu-ri aliipiga kamera kwa kiganja ikaruka mpaka kwenye maua.

Lilikuwa kosa. Walinzi wawili walikuwa wakisubiri sababu tu, na sasa wamepewa. Mmoja alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakamburuta kupitia mlango wa pembeni. Kwa uzushi wa kuvuruga shughuli, walimwambia. Polisi wako njiani.

Uzushi wa kuvuruga shughuli! Kosa hilo tunalijua sana. Ukigoma, umevuruga shughuli. Ukiuliza, umevuruga shughuli. Kuwafungia watu tisa kwa kufuli, hiyo ndiyo shughuli yenyewe.

Walimsimamisha kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, mgongo ukutani, askari waje wamkute. Toka pale aliona jukwaa lote. Aliona mashada yake yakiingizwa moja moja na kupangwa. Aliona safu ya mbele, Chae Yu-bin akijaribu machozi kwenye kioo cha simu.

Ok-sun hakuonekana.

* * *

Teksi ilikuwa imekwama kwenye daraja la Mto Han.

"Mama," dereva alisema, akitazama kioo, "samahani, lakini unafanana na mtu. Yule mwigizaji aliyekufa leo."

"Huambiwa hivyo."

"Masikini. Mke wangu kalia. Alikuwa anampenda sana alipoigiza yule mama mkwe mkorofi."

"Mkeo alimpenda, wewe je?"

"Mimi? Mimi nilimwogopa. Alikuwa na macho ya kufumania mtu." Akaangalia tena kioo. Macho yakakutana. Teksi ikayumba. "Mama... harufu hii ni kitunguu saumu?"

"Wafu hawanuki kitunguu saumu, mwanangu. Pita njia ya mabasi."

"Nitapigwa faini!"

"Waambie ulibeba maiti."

Alipita njia ya mabasi.

Kwenye zulia jekundu, mlinzi kijana alinyoosha mkono. Mbele yake alisimama bibi mfupi aliyevaa kizibao cha maua cha jikoni, viatu vya mpira na glavu nyekundu zilizofika kwenye viwiko.

"Mwaliko, mama."

"Niliuchana."

"Jina lako?"

"Tak Ok-sun."

Uso wa mlinzi ulikunjamana. "Mama, tafadhali. Una umri wa bibi yangu, usinifanye nikuseme vibaya. Leo si siku ya kumfanyia mzaha marehemu."

"Nitazame usoni, wewe."

"Nimekutazama. Yeye alikuwa mrefu."

"Kwenye filamu wote warefu! Wananisimamisha juu ya sanduku!"

"Rudi nyumbani, mama. Utapata baridi."

Ok-sun alivuta pumzi ya kutukana, na kwa mdomo ule mlinzi angeungua nyusi. Lakini sauti ya mtu ikapita nyuma yake.

"Jamani, mwenye mikono anisaidie! Limebaki moja, na mgongo wangu umekufa!"

Muuza maua alikuwa kwenye lango la mizigo, anahangaika na shada la mwisho, kubwa kuliko yote. Alimwona bibi mwenye glavu akadhani ni wa usafi. Glavu, viatu vya mpira, kizibao: ungemdhania nini?

"Mama, shika upande huu. Polepole. Mpaka jukwaani, halafu tunatoka."

Ok-sun alishika upande ule. Jina lake mwenyewe lilikuwa linampiga shavuni kwa upepo. Hakuna mlinzi aliyemuuliza kitu. Hakuna mlinzi duniani anayemuuliza kitu mtu aliyebeba mzigo.

Akaingia.

* * *

Ukumbi wote ulikuwa umesimama. Taa zilipunguzwa. Picha ya Tak Ok-sun, ile mbaya, ilijaa ukuta mzima.

Seok Chi-gyun alikuwa kwenye kipaza sauti, Korongo wa shaba mkono wa kushoto, kitambaa mkono wa kulia.

"Tulikuwa kama kaka na dada," alisema, na sauti ikamkatika pale alipopanga imkatike. "Kulikuwa na nyakati ngumu. Watu wabaya walitaka kututenganisha kwa maneno. Lakini dada Ok-sun aliniambia, siku moja kabla ya kifo chake, aliniambia: Chi-gyun, yote yamekwisha."

Gyu-ri alipiga kelele kule nyuma. Mlinzi akamziba mdomo. Akamng'ata.

"Muongo! Yuko hai! Muongo wewe!"

Vichwa vichache viligeuka. Vingi havikugeuka. Kwenye kumbi zile watu wamefundishwa kutazama mbele.

"Tumpe dakika ya ukimya," alisema Seok, na akainamisha kichwa.

Wakainama wote. Mastaa, mawaziri wadogo, waongozaji, wanawake waliovaa magauni ya kuazima. Ukumbi ukawa kimya kabisa.

Katika ukimya ule zilisikika kwanza hatua za viatu vya mpira. Kwi, kwi, kwi. Shada la mwisho lilipanda ngazi za jukwaa. Mtu mmoja alilishika mbele, mwingine nyuma. Likawekwa katikati kabisa, karibu na kipaza sauti. Muuza maua akageuka kuondoka. Mwenzake hakuondoka.

Alivua glavu. Moja. Nyingine. Akazitundika kwenye ua jeupe, juu ya neno BURIANI.

Mwanamke mmoja safu ya mbele alinyanyua macho, akaitazama picha ukutani, akamtazama bibi, akapiga ukelele ambao waliokuwa nje waliusikia. Chae Yu-bin aliketi chini ghafla kama aliyekatwa miguu. Do Pil-mo, kamera yake iliyopasuka kioo ikiwa bado inarusha, alisema neno ambalo halichapwi gazetini.

Seok alifumbua macho.

"Yu... yuko..."

"Niko," alisema Ok-sun. "Umesema asiyefika hapewi. Nimefika. Lete."

Ukumbi uliripuka. Watu walipiga makofi, wengine walilia, wengine walikimbilia mlangoni wakidhani ni pepo. Na mbele ya kamera zote za nchi, Mwenyekiti hakuwa na pa kwenda. Alimtaja mshindi kwa mdomo wake. Sheria aliitunga kwa mkono wake. Alitoa Korongo, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeng'olewa meno.

Tak Ok-sun alimpokea mikono miwili. Mikono ilikuwa myekundu kwa pilipili iliyopenya glavu, mpaka kwenye kucha. Alimbeba kifuani, akafumba macho kidogo, na mimi niliyemfuata bibi huyu tangu ujana wangu sikuwahi kumwona na uso ule.

Kule nyuma Gyu-ri alikuwa analia waziwazi. Amemtabiri. Yuko hai, na Korongo anaye.

Ndipo Seok alipomkumbatia.

Kamera zilionyesha kukumbatiana kuzuri. Mkono wake ulifunika kipaza sauti. Midomo yake ilikuwa sikioni kwa bibi, na alichosema tulikipata baadaye kwa Ok-sun mwenyewe.

"Umepata ulichotaka. Sasa inama, tabasamu, shuka. Ukigusa Paju, hata kwa neno moja, yule msichana wako wa maua analala rumande leo. Uzushi, uharibifu wa kamera, kumng'ata mlinzi. Mawakili wangu watamshika miaka. Mtazame. Kule nyuma."

Ok-sun alitazama. Juu ya bega la Seok, mbali kule mlangoni, aliona askari wawili wameshafika. Aliona pingu. Aliona nywele zisizokauka za yule mtoto aliyekaa jikoni kwake na kuiambia nchi nzima: Ok-sun atashinda.

Seok aliondoa mkono kwenye kipaza sauti, akarudi nyuma hatua moja akitabasamu. "Mshindi wetu," alisema. "Maneno machache ya shukrani."

Bibi alisimama. Ukumbi ukatulia kumsubiri. Nasi tuliokuwa majumbani tukasimama mbele ya televisheni zetu, maana miaka yote hii tulikuwa tunasubiri mtu mmoja, mahali penye kipaza sauti.

Aliinama kidogo kuelekea safu ya mbele. Tabasamu la Seok likapanuka.

Gyu-ri aliliona tabasamu lile, na pale pale akaelewa kilichosemwa sikioni. Chuma baridi kilikuwa tayari kimeshika kifundo cha mkono wake wa kushoto. Akavuta hewa mpaka chini, kama anavyowafundisha watoto kabla ya kupiga mbizi.

"Mwalimu!" sauti yake ilipasua ukumbi. "Usinihesabu mimi! Wahesabu wao!"

Tak Ok-sun alinyanyuka. Alimweka Korongo sakafuni, kati ya viatu vyake vya mpira, ili mikono yote miwili ishike kipaza sauti.

"Sina shukrani," alisema. "Nina majina tisa. La kwanza ni Eom Dal-su. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliugonga mlango mpaka mifupa ya mkono wake ikaonekana. La pili..."

Kwenye chumba cha mitambo, simu ya amri ya kukata matangazo ilikuwa inalia. Fundi aliitazama. Jina lake lilikuwa Eom Jae-sik, ukoo uleule wa Dal-su, na hakuipokea.